Mguu Unauma Ukitembea: Upumzike au Utembezwe?

Swali hili watu huliuliza kwa namna nyingi. "Daktari, nikianza safari niko sawa, nikifika mtaa wa pili kigimbi kinabana mpaka nisimame. Nikisimama kidogo kinaachia. Nipunguze kutembea?" Wengine hawaulizi kabisa, wameshajipa jibu. Wameacha kwenda sokoni kwa miguu, wamehamia kwenye bodaboda, na hata kanisani au msikitini siku hizi wanapelekwa. Watoto nao kwa upendo wanawaambia: "Baba, umri umeenda, kaa upumzike."

Ushauri huo una nia njema, ila kwa ugonjwa tunaouzungumzia hapa unaumiza. Ikiwa maumivu yanatokana na damu kutofika ya kutosha miguuni, kutembea ndiko kunakotibu. Na kunatibu kwa utaratibu unaowashangaza wengi: mgonjwa atembee mpaka maumivu yaje, asimame yatulie, kisha atembee tena. Tiba hii ina dozi, ina muda wake na imepimwa hospitalini kwa miaka mingi. Anayeishi Dodoma, Singida au Kongwa anaweza kuianza bila kununua mashine yoyote.

Kinachotokea ndani ya mguu

Damu hutoka kwenye moyo kwa mishipa iitwayo ateri. Ateri kubwa hushuka tumboni, ikagawanyika mbili usawa wa kitovu, tawi moja kwa kila mguu, kisha matawi hayo yakazidi kugawanyika mpaka vidoleni. Kwa kijana, ukuta wa ndani wa ateri ni laini. Miaka ikisogea, hasa kwa mvutaji sigara, mwenye kisukari, mwenye presha au mwenye lehemu nyingi (mafuta yanayosafiri kwenye damu, ambayo wengi huyaita kolesteroli), ukuta ule huanza kujengeka utando mgumu. Wanaotumia maji ya chumvi ya Dodoma wanajua birika linavyojaa chokaa kwa ndani. Hakuna siku moja unayoweza kusema ndipo lilipoziba, lakini kila mwezi nafasi ya maji inapungua.

Ukiwa umekaa, msuli wa mguu unahitaji damu kidogo tu, na ateri iliyopungua upana bado inaimudu kazi hiyo. Ndiyo maana mgonjwa akikaa barazani hana shida yoyote. Akianza kutembea, msuli wa kigimbi unadai damu mara nyingi zaidi ya hapo. Ateri haiwezi kutoa. Msuli unakosa oksijeni ya kutosha, taka zinajikusanya ndani yake, na maumivu yanaanza: kubana, kuchoka, mara nyingine kuwaka moto. Akisimama, mahitaji yanashuka, damu inatosha tena, na ndani ya dakika chache maumivu yanakwisha.

Mara nyingi maumivu hukaa kwenye kigimbi. Pale ateri ilipoziba juu zaidi, karibu na nyonga, yanaweza kushika paja au tako.

Kuna tabia moja ambayo ukiijua utawatambua wagonjwa hawa barabarani. Mzee anatembea vizuri, halafu anasimama ghafla. Hashiki goti wala mgongo. Anatazama bidhaa za dukani ambazo hana mpango wa kununua, au anatoa simu mfukoni, au anainama kurekebisha kiatu. Dakika mbili baadaye anaendelea. Baada ya idadi ileile ya hatua, anasimama tena. Anaona aibu kusema kwamba mguu umemgomea.

Je, ni damu kweli?

Si kila maumivu ya mguu yanatoka kwenye ateri, na hapa ndipo watu wengi hupoteza miaka wakinunua dawa za maumivu na mafuta ya kuchua. Kwa maswali machache mtoa huduma makini anaweza kupata mwelekeo hata kabla ya kushika kipimo. Mazungumzo yenyewe huwa ya namna hii:

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Babu, mguu unauma hata ukiwa umelala?"

"Hapana. Nikilala nalala vizuri. Ni nikitembea tu."

"Unauma tangu hatua ya kwanza?"

"Hapana, mpaka nifike pale kwenye mashine ya kusaga. Kila siku ni pale pale."

"Ukifika pale lazima ukae, au ukisimama tu unapona?"

"Nikisimama tu inatosha. Nikimaliza kusalimiana na vijana pale, naendelea."

"Na ukipandisha mlima?"

"Hapo ndipo pabaya. Hata kwenye mashine sifiki."

Majibu manne, na yote yanaelekeza kwenye ateri: maumivu huja kwa mwendo, huja umbali uleule, huisha kwa kusimama tu, huwahi zaidi kwenye mwinuko. Hebu tuyalinganishe na maumivu mengine yanayofanana nayo.

- Goti lililochakaa huuma tangu hatua za kwanza unapoinuka, na maumivu yako kwenye goti lenyewe.
- Mgongo unaobana mishipa ya fahamu nao huleta maumivu ya miguu wakati wa kutembea, lakini kusimama wima hakusaidii. Mgonjwa hupata nafuu akikaa au akiinama mbele. Huyu anaweza kusukuma baiskeli iliyobeba mzigo umbali mrefu kwa sababu ameinamia usukani.
- Ganzi ya kisukari huwaka na kuchoma nyayoni, mara nyingi usiku, iwe umetembea au hukutembea.
- Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu, unaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Huo ni wa kuwahishwa hospitali siku hiyohiyo.
- Msuli unaokaza ghafla usiku kitandani kwa kawaida hauna uhusiano na ateri.

Kinachotatiza ni kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na mawili au matatu kwa pamoja. Mwenye kisukari cha miaka mingi huweza kuwa na ateri zilizoziba na asisikie maumivu yoyote, kwa sababu ganzi imeshazima taarifa.

Kipimo kisicho na sindano

Kipimo cha kwanza ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Hupimwa presha ya mkononi na presha ya kwenye kifundo cha mguu, kisha namba mbili zinalinganishwa. Mgonjwa hulala chali na kupumzika kama dakika kumi. Mkanda wa presha hufungwa juu ya kifundo, jeli kidogo hupakwa kwenye ngozi, na kifaa kidogo cha kusikilizia mwendo wa damu, mfano wa kalamu nene, huwekwa juu ya mshipa. Sauti husikika chumbani: fwush, fwush, fwush. Mkanda ukijazwa upepo sauti hupotea. Upepo ukipunguzwa polepole, sauti hurudi, na pale iliporudi ndipo namba inasomwa.

Tuseme mkononi imesomwa 140 na mguuni 84. Gawanya 84 kwa 140, unapata 0.6. Mtu mwenye ateri nzima hupata 1 au zaidi kidogo. Ikifika 0.9 au kushuka chini yake, ateri za mguu zina tatizo. Kuna tahadhari moja: kwa baadhi ya wenye kisukari au ugonjwa wa figo wa muda mrefu, ateri zimekakamaa kiasi kwamba mkanda haumudu kuzibana, na namba hutoka kubwa isivyo kawaida, zaidi ya 1.4. Hiyo nayo haina maana kwamba mguu ni mzima.

Pale ambapo kifaa hicho hakipo, vidole vya daktari bado vina kazi. Mapigo hutafutwa juu ya unyayo na nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo. Mwombe ayatafute. Ukiwa na kisukari, usitoke kliniki hujavua viatu.

Nina sababu ya kusema hivyo. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa wagonjwa 404 wa kisukari na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta 15 kati ya kila 100 wana tatizo la mishipa ya damu ya miguu. Waliowahi hata mara moja kukaguliwa miguu na daktari tangu waambiwe wana kisukari walizidi robo kidogo tu.

Farasi wa Paris

Ugonjwa huu ulielezwa kwanza kwa mnyama. Mwaka 1831 daktari wa mifugo Mfaransa aitwaye Bouley aliandika habari za farasi wa kukokota gari mjini Paris aliyekuwa akichechemea kila afanyapo kazi, akipumzishwa anapona. Alipokufa na kupasuliwa, ateri za miguu zilikutwa zimeziba. Mwaka 1858 Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris, akaeleza hali hiyohiyo kwa binadamu.

Kwa muda mrefu ushauri ulikuwa kupumzika. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Copenhagen, Larsen na Lassen, walichapisha jaribio dogo lililobadilisha mambo: wagonjwa waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, na kundi moja likapewa kazi ya kutembea kila siku. Waliotembea waliongeza umbali wao. Tafiti nyingine zikafuata, na mwaka 1995 Wamarekani wawili, Gardner na Poehlman, walizikusanya 21 na kuzipima kwa pamoja. Kabla ya mazoezi, mgonjwa wa wastani alitembea mita 126 ndipo maumivu yaanze. Baada ya mazoezi alifika mita 351. Umbali wa mwisho, ule ambao hawezi tena kuendelea, ulitoka mita 326 hadi mita 723.

Mita 126 ni kama kukatiza uwanja wa mpira kwa urefu na kuongeza hatua chache. Mita 723 ni kuuzunguka uwanja huo mara mbili. Mtu mwenye umbali huo anafika sokoni, ananunua na anarudi na kikapu chake.

Swali linalofuata huwa: si ni bora kufunguliwa mshipa moja kwa moja? Kuna tiba ya kupitisha waya ndani ya ateri na kuacha kijibomba cha wavu kinachoishikilia iwe wazi. Jaribio moja la Marekani lililotolewa mwaka 2012 lilipambanisha kijibomba hicho na mazoezi ya kusimamiwa kwa wagonjwa 111 walioziba ateri za juu, karibu na nyonga. Baada ya miezi sita, waliofanya mazoezi ndio walioongeza zaidi muda wa kutembea kwenye mashine: dakika 5.8, dhidi ya 3.7 za waliowekewa kijibomba na 1.2 za waliopewa dawa peke yake. Haki isemwe: waliowekewa kijibomba nao walijisikia vizuri, na kwa baadhi ya vipimo vya ubora wa maisha waliwazidi wenzao. Kwa mgonjwa wa Bahi au Mpwapwa, ambaye kila safari ya rufaa ni nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea, kuanza na mazoezi kuna mantiki yake.

Bima ya afya ya wazee wa Marekani ilikubali kulipia tiba hii mwaka 2017: vipindi 36 ndani ya wiki 12. Serikali haitoi fedha za namna hiyo kwa jambo lisilofanya kazi.

Mshipa haufunguki, mbona mguu unapona?

Hili huwachanganya hata wahudumu wa afya. Baada ya miezi mitatu ya mazoezi, ukipima tena presha ya kifundo unaweza kukuta namba ni ileile au imesogea kidogo sana. Ateri iliyoziba bado imeziba. Lakini mgonjwa anatembea maradufu.

Mabadiliko yametokea kwingine. Msuli wenyewe umejifunza kutumia vizuri damu ndogo unayoipata: vinu vidogo vya nguvu vilivyo ndani ya chembe zake vimeongezeka, na vinavuta oksijeni zaidi kutoka kwenye kila tone. Vishipa vyembamba vinavyouzunguka msuli vinaongezeka. Ukuta wa ateri nzima zilizobaki unapata tena uwezo wa kutanuka damu inapohitajika. Na mwendo unakuwa mwepesi zaidi, kwa hiyo kila hatua inagharimu nguvu kidogo kuliko zamani.

Msuli hufanya yote haya kwa sababu umeonja upungufu. Ndiyo maana maumivu yana nafasi yake katika tiba. Jaribio jingine la Marekani, lililochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha watu 305 wanaotembea nyumbani kwao, lilionyesha jambo hili waziwazi. Waliotembea kwa kasi ya kuleta maumivu waliongeza umbali. Waliotembea taratibu wakiyakwepa maumivu hawakuwazidi wale ambao hawakupewa zoezi lolote.

*Kwa ufupi: maumivu yanayokuja kwa kutembea na kuisha kwa kusimama ni ishara kwamba msuli umekosa damu kwa muda. Hayaharibu mguu. Kuyafikia, kupumzika na kuyafikia tena ndiko kunakoujenga msuli.*

Dozi

Kabla ya kuanza, pimwa moyo na presha. Aliyeziba ateri za mguu ana uwezekano mkubwa wa kuwa na ateri za moyo zilizoguswa pia. Daktari akikuruhusu, utaratibu ni huu:

1. Tembea kwenye ardhi tambarare kwa mwendo wa mtu anayewahi jambo. Kasi ikufikishe kwenye maumivu ndani ya dakika 3 hadi 5.
2. Usisimame yanapoanza. Endelea mpaka yawe makali kiasi. Ukiyapa alama, 1 ikiwa dalili ya kwanza na 5 ikiwa huwezi kabisa, simama kwenye 3 au 4.
3. Pumzika kwa kusimama au kukaa mpaka yaishe kabisa.
4. Tembea tena. Rudia hivyo mpaka zitimie dakika 30, mapumziko yakiwa ndani yake.
5. Fanya hivyo angalau siku 3 kwa wiki, kwa wiki 12 bila kukosa. Ongeza dakika kidogo kidogo mpaka ufike 45 au 50.
6. Ukiona unatembea dakika 8 hadi 10 bila maumivu, ongeza kasi au tafuta mwinuko mdogo.

Ukisikia kifua kinabana, pumzi inakata au kizunguzungu, acha hapohapo na uende hospitali. Maumivu ya kigimbi tunayavumilia. Ya kifua hatuyavumilii hata kidogo.

Kuna wiki za mwanzo ambazo hakuna kinachoonekana. Ya kwanza, ya pili, hata ya nne. Wengi hukatia tamaa hapo, na naumia kila ninapomwona mtu ameacha wiki moja kabla ya mguu kuanza kumjibu. Dawa ya kukata tamaa ni kuandika. Nguzo za umeme za mtaani kwako zimesimama karibu sawasawa. Hesabu umepita ngapi kabla ya maumivu, andika kwenye daftari la mtoto lililobaki kurasa. Wiki ya kwanza nguzo tatu. Wiki ya tano, pengine nne. Wiki ya kumi utashangaa.

"Mbona mimi natembea kila siku?"

Mkulima wa uwele kutoka Chamwino ana haki ya kuuliza hivi. Anakwenda shambani, anafuata mifugo, anachota maji. Mbona mguu haujapona?

Kwanza, kazi zake zimemlinda. Upande wa kaskazini mwa Dodoma, kuelekea ziwa Eyasi na baadhi ya vijiji vya Mkalama mkoani Singida, wanaishi Wahadza, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Watafiti waliowafungia vifaa vya kupima mapigo ya moyo walikuta wanatumia zaidi ya saa mbili kwa siku katika shughuli za kutokwa jasho, na viashiria vya ugonjwa wa moyo na mishipa kwao ni vichache sana. Mwendo wa maisha yote hukinga.

Lakini kukinga ni tofauti na kutibu. Mtu ambaye mguu umeshaanza kumuuma hupunguza mwendo bila kujua: anatembea polepole asifike kwenye maumivu, anapumzika chini ya mbuyu kabla hayajaja, anamtuma mtoto. Siku nzima amekuwa kwenye miguu, na msuli haujapata kipindi hata kimoja cha kuusukuma. Mwache aendelee na kazi zake, ila zile dakika 30 azitenge pembeni, kama anavyotenga saa ya kumeza kidonge cha presha.

Wa mjini ana tatizo lake. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umetanuka kuelekea Ihumwa na Mtumba, na maisha ya ofisini yamekuja na viti, magari na bajaji. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012 ulishaonyesha kwamba kati ya Watanzania 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64, karibu 26 walikuwa na presha na 9 walikuwa na kisukari. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Ni jambo zuri na limezaa vikundi vingi vya mbio za pole. Kwa mwenye ugonjwa huu, mara moja kwa mwezi haitoshi, na mbio za kundi humwacha nyuma na kumtia aibu. Natamani vikundi hivyo viwe na safu ya nyuma ya watembeaji wa kusimama na kuendelea, wakiwa na mtu mmoja wa kuwasindikiza.

Mahali pa kutembea, na miba

Dodoma ni tambarare kwa sehemu kubwa, na hilo ni faida. Uwanja wa mpira wa shule ya msingi ukiuzunguka mara moja unapata zaidi ya mita 300, na pembeni mara nyingi kuna mti wa kupumzikia. Mjini kuna Chinangali Park na mitaa mipana ya Area C na Area D. Vilima kama Mlimwa viwekwe akiba kwa wiki za mwisho.

Tembea alfajiri palipokucha, au jioni jua likishalegea. Kiangazi vumbi na upepo huzidi mchana. Masika, kuanzia Desemba hadi Aprili, tope hubadilisha kila kitu, na hapo varanda ndefu ya shule au jengo la soko inafaa.

Kubwa kuliko yote ni viatu. Mbigili wa Dodoma hupita kwenye kandambili iliyochakaa bila kuomba ruhusa, na mwiba wa mgunga hupita hata kwenye soli nene. Kwa mguu wenye damu ya kutosha, ni kuung'oa na kuendelea. Kwa mguu usiopata damu, tundu la mbigili linaweza kuwa mwanzo wa donda ndugu. Vaa kiatu kilichofunika vidole, chenye soli ngumu, kisichobana, na soksi safi. Kabla hujakivaa, ingiza mkono ndani upapase. Jioni kagua nyayo na katikati ya vidole. Macho yakiwa hayaoni vizuri, mwombe mjukuu.

Usiloweke miguu kwenye maji ya moto kwa nia ya "kuamsha damu". Mwenye ganzi huungua bila kujua, na kidonda cha moto kwenye mguu wa namna hii hakiponi kirahisi. Chale na kuchuliwa kwa nguvu navyo viache.

Tanzania ina uzoefu wa kujivunia kwenye jambo hili. Mradi wa Hatua kwa Hatua wa kutunza miguu ya wenye kisukari, ambao Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kukagua mguu, kusafisha kidonda na kumfundisha mgonjwa, na nchi nyingine zikauiga. Mazoezi ya kutembea yanastahili kuingizwa kwenye kliniki hizohizo za kisukari.

Mazoezi hayaendi peke yake

Sigara iachwe. Hakuna la kuzungushia hapa: mvutaji anayetembea kila siku anajenga kwa mkono wa kulia na kubomoa kwa kushoto. Ugoro nao una nikotini, ile kemikali inayobana mishipa.

Daktari huongeza dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, kama aspirini au klopidogreli, na dawa ya kushusha lehemu, kama atovastatini. Presha na sukari zishuke. Dawa hizi zina kazi kubwa kuliko mguu. Wengi wenye maumivu ya kutembea hawafiki kukatwa mguu. Kinachowaua ni mshtuko wa moyo na kiharusi, kwa kuwa utando ule ule uko pia kwenye ateri za moyo na shingo. Mguu unaouma umekupa taarifa mapema.

Wakati ambao hutakiwi kutembea

- Maumivu ya unyayo au vidole usiku ukiwa umelala, yanayopungua ukiuning'iniza mguu chini ya kitanda.
- Kidonda ambacho wiki mbili zimepita na hakioneshi kupona.
- Kidole kilichobadilika rangi kuwa cheusi au cha zambarau.
- Mguu uliopoa ghafla, ukapauka, ukauma sana au ukashindwa kusogea. Hapa hesabu ni ya saa. Ateri imeziba yote, na kila saa inayopita inaupunguzia mguu nafasi ya kuokolewa.

Matatu ya kwanza, nenda hospitali wiki hiyohiyo. La nne, ondoka sasa hivi, hata kama ni usiku.

Baada ya wiki 12

Rudi kliniki na daftari lako la nguzo. Omba kupimwa tena umbali: wapo wanaotumia kipimo cha kutembea dakika sita kwenye korido, na muuguzi anaweza kukifanya kwa saa ya mkononi na korido iliyopimwa kwa futi.

Umbali ukiwa umeongezeka, endelea. Msuli husahau, aliyeacha kutembea hupoteza alichokipata, kwa hiyo siku tatu za wiki zinabaki kuwa siku tatu za wiki. Umbali ukiwa umebaki palepale licha ya kufuata dozi kwa uaminifu, na ugonjwa unakuzuia kufanya kazi, huo ndio wakati wa kuzungumzia kufungua mshipa. Kutoka vituo vya afya vya wilayani rufaa huelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Nenda na daftari hilohilo. Daktari anayeona umetembea wiki 12, nguzo ngapi na umesimama wapi, ana cha kuanzia kuliko yule anayeambiwa tu kwamba mguu unauma.